Ghala Lisilo na Jina

Ofisini kwetu Addis seva hufagiliwa mara moja kwa mwaka, na hufagiliwa kwa kahawa. Najua inavyosikika. Lakini muulize Fasika, ambaye seva ile ni yake kuliko hata ya mwenye kampuni, atakujibu kwamba mtu mwenye akili haingii Mwaka Mpya na uchafu nyumbani. Kochi linavutwa, zulia linakung'utwa, mashine nayo kwa nini ibaki na takataka za tangu mvua za mwaka juzi?

Basi ikifika Pagume, kale kamwezi ketu ka siku tano ka mwisho wa mwaka ambako ukipiga chafya kamekwisha, Fasika hutandaza majani mabichi sakafuni katikati ya meza za kompyuta, anakaanga buni, anafukiza ubani mpaka king'ora cha moto kinalia. Mlinzi wa chini hata hapandi tena. Anajua ni sisi.

Kazi yetu ni kutunza programu za watu: ya duka la dawa, ya shule, ya kampuni ya mabasi yaendayo Hawassa. Kila programu imefungwa ndani ya kontena lake pamoja na kila inachohitaji, kama mpangaji anayehamia na jiko lake na chumvi yake ili asigombane na jirani. Wakubwa zetu walikuwa wakiyaongoza makontena hayo kwa kuandika amri kwenye kioo cheusi, macho mekundu kama wamelia. Sisi tuna ukurasa. Unaufungua kama unavyofungua habari za mpira, unaona makontena yote yamejipanga: ya kijani yako hai, mekundu yamekufa. Kuamsha ni kitufe. Kusimamisha ni kitufe. Kuua ni kitufe pia, na hakizidi vile vingine hata kwa ukubwa.

Jambo moja tu la kujua. Kontena ni sahaulifu. Ukiliua na kuliinua jipya, linaamka kama mtoto aliyezaliwa leo. Kwa hiyo vitu vya kudumu, picha na sauti na majina ya wateja, huwekwa nje yake, kwenye ghala, halafu kontena linaunganishwa na ghala hilo. Kontena likifa, ghala linabaki likimsubiri mwenzake. Na ghala ambalo kwa wakati huo halijaunganishwa na yeyote, ukurasa wetu huliandikia maneno ya kijivu pembeni: *halitumiki*.

Sasa, ufagio wenyewe. Kahawa kwetu hunywewa mara tatu kutoka birika moja, na Fasika aligawa kazi yake humo humo. Kikombe cha kwanza, abol, anasoma majina ya makontena kwa sauti na mwenye lake anadai. Kikombe cha pili, tona, yasiyodaiwa yanazimwa. Kikombe cha tatu, ambacho tunakiita baraka, anabonyeza kitufe cha chini kabisa na kila kisichotumika kinafutwa kwa mkupuo.

Utamu wote uko kwenye abol, maana mtu hurushiwa usoni jina la kontena lake kama kofi.

"*Mchumba-wa-pili*," Fasika alisoma mwaka huo ninaousimulia. "La nani hili?"

"Langu," nikasema. "Programu ya kwanza ilinikataa, nikaandika nyingine."

"Eyoel, hata na mashine unaachwa?"

"Angalau mimi naachwa, dada. Wengine hata kuombwa namba hawajaombwa."

Alinirushia bisi. Watu wakacheka. Ndivyo ilivyokuwa: ukitaja jina zito unachekwa, ukitaja jina jepesi unachekwa, na aliyekwishachekwa anasubiri kwa hamu zamu ya mwenzake.

Kidane peke yake ndiye aliyekuwa hapendi mchezo huo. Kidane ni mrefu, mwembamba, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba ukimpigia simu unadhani laini ni mbovu. Mwaka uliotangulia kontena lake liliitwa *Shekla-Sefer*. Huo ndio mtaa aliozaliwa, mtaa wa wafinyanzi, uliobomolewa wote kupisha barabara pana na miti ya mapambo. Majirani walitawanywa kwenye maghorofa ya pembezoni mwa Addis, huyu mashariki, yule magharibi, na Kidane alikuwa ameanza kuwatengenezea ramani. Anachora kichochoro, anaweka nyumba pale ilipokuwa, na kila aliyeishi humo anamtumia picha na maneno machache ya sauti. Ukigusa nyumba, unaiona ilivyokuwa. Fasika alipolisoma jina lile aliinua nyusi.

"Kidane, mtaa umebomolewa huko, wewe unaujenga upya kwenye seva yangu bila kibali?"

Tulicheka mpaka mmoja wetu akamwaga kahawa. Kidane naye alicheka, kwa maana ya kuonyesha meno. Baadaye alibadilisha jina la kontena likawa *jaribio*, kama majaribio yetu mengine yote. Ghala lake hakulipa jina kabisa, na ghala usipolipa jina mashine hulibandika herufi na namba ndefu zisizo na kichwa wala miguu. Hakuna awezaye kulicheka jina kama hilo. Hakuna awezaye kulitambua pia.

Ramani ilikua. Tulimwona akipokea sauti kwenye simu wakati wa chakula, injera mkono mmoja, akitabasamu peke yake. Siku moja alinivisha kisikilizi chake sikioni. Mzee mmoja alikuwa anafoka: "We Tafesse! Bomba hili ni la watu wote, si la ng'ombe wako! Toa hiyo ndoo! Toa, nasema! Wubit, njoo uone huyu!" Halafu kicheko cha kizee, kikohozi, na mlango kufungwa.

"Nani huyo?"

"Gashe Mamo, jirani yetu. Nilimwomba anieleze bomba lilikuwa wapi. Akasema hawezi kueleza bila kugomba. Kwa hiyo aligomba, peke yake, kwenye sebule ya ghorofa ya saba."

Gashe Mamo, gashe kama tunavyomwita kila mzee wa heshima, alifariki mwezi Ginbot, kabla ya mvua kubwa. Mjane wake, Emama Wubit, alimpigia Kidane mara nyingi. Hakutaka picha. Picha anazo. "Nataka kumsikia akigomba," alimwambia. "Msibani wote walimsifu mpole. Mimi sikuolewa na mpole." Simu yake ya vitufe haikuweza kufungua ramani, na sauti ile kwa Kidane ilishahamia ghalani, simuni alikuwa ameifuta kupata nafasi, kama alivyofuta zote. Akamwambia, njoo ofisini siku za Pagume, nitakuwekea kwenye kioo kikubwa.

Akaja siku ya ufagio.

Asubuhi hiyo Kidane alitaka ramani iwe nzuri. Alikuwa ameandika toleo jipya: ukigusa nyumba, sauti inacheza yenyewe, bila kubonyeza tena kingine. Kwa njia yetu ya kazi unaliua kontena la zamani, unajenga jipya, halafu unaliunganisha na ghala lile lile. Aliua la zamani. Jipya likaanza kujengwa, mstari wa maendeleo ukitambaa polepole kwenye kioo chake. Ndani ya muda huo mfupi ghala la Shekla Sefer lilikuwa limesimama peke yake, jina lake namba tupu, pembeni yake maneno ya kijivu.

Tulikuwa kwenye tona. Fasika anazima, vikombe vinazunguka. Nilimwona Kidane anainua kidole, kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni.

"Una lako humu, Kidane?" Fasika akauliza. Na kwa bahati mbaya aliuliza huku anatabasamu, na sisi tukageuka wote tukiwa tumeshaandaa meno.

Simu ya Kidane ikalia. Akaangalia. "Hapana," akasema. "Sina. Emama amefika getini. Nakuja."

Lifti ya jengo letu imekufa tangu nilipoajiriwa. Emama Wubit ana magoti, na ghorofa ya nne ni ya nne. Alipanda akipumzika kila kona, Kidane akimbebea mkate mkubwa wa Mwaka Mpya aliouoka mwenyewe, bado una moto ndani ya kitambaa. Tulimsikia anavyowasili kabla hajafika: "Mwanangu, mnafanya kazi mbinguni?"

Walipokuwa kona ya pili, au ya tatu, sijui, Fasika aliweka maji kwenye birika kwa mara ya mwisho. Akajaza vikombe. Akasogeza kipanya mpaka chini kabisa ya ukurasa. Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Mashine huuliza hivyo kila siku, kwa kila kitu, mpaka swali lenyewe limekuwa kama salamu.

"Baraka," akasema, akabonyeza.

Tukapiga makofi. Diski ikapumua. Fasika alifurahi kama mtu aliyetoka kuoga.

Mlango ukafunguka. Emama Wubit aliingia na shali nyeupe, akanusa ubani, akatazama majani sakafuni, akasema kumbe hapa kuna watu. Akapewa kiti kizuri, kile cha magurudumu, kikaenda naye nusu mita akapiga kelele, tukakishika kila upande. Kikombe chake kikaja. Kidane alikuwa amewasha kioo kikubwa ukutani. Kontena jipya lilikuwa limemaliza kujengwa, kijani kabisa. Akafungua ramani.

Vichochoro vilikuwepo. Mto mdogo ulikuwepo, na ukuta wa kanisa. Hivyo alikuwa amevichora ndani ya programu yenyewe. Nyumba hazikuwepo. Hata moja.

Alifunga ukurasa, akafungua tena. Vichochoro, mto, ukuta.

"Nyumba yangu iko wapi?" Emama Wubit akauliza, akijisogeza mbele taratibu kwa kuogopa magurudumu.

Kidane alirudi kwenye meza yake, akafungua ukurasa wa maghala, akashuka na kipanya mpaka chini, akapanda mpaka juu, akashuka tena. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, kuhusu watu wanaopoteza nyumba, na namshukuru Mungu bisi zilikuwa zimenijaa.

Fasika alimtazama yeye, akatazama kioo cha ukutani, akatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa bado juu ya kipanya. Akautoa pale.

"Kidane," akasema kwa sauti ndogo. "Lile la namba tupu?"

Kidane akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Kwa nini hukusema?"

Na sote pale tulijua jibu, ndiyo maana hakuna aliyerudia swali.

"Vipi, mwanangu?" Emama akaita. "Kimekwama?"

"Mtandao, emama," Kidane akasema. "Umekatika kidogo."

"Aa, mtandao. Hata kwetu huwa hivyo. Basi nitasubiri." Akanywa kahawa yake. "Nimepanda ngazi zote zile, nikimbilie wapi?"

Akasubiri. Huku anasubiri, Fasika alikuwa anafanya kila ambalo mtu anaweza kulifanya kwa vidole. Alitafuta kwenye nakala za akiba. Programu ya nakala huchukua maghala yenye majina tu, na aliyeipanga hivyo ni yeye, ili isibebe takataka. Alifungua kioo cheusi cha wazee na kuandika amri ambazo sijawahi kumwona akiziandika. Nafasi iliyoachwa wazi ilishaanza kujazwa na kazi za wateja, duka la dawa na mabasi ya Hawassa, wasio na habari, kila mmoja akiandika ya kwake juu ya nyumba ya mtu. Jasho lilimtoka. Emama Wubit naye alikuwa ameanza kutusimulia bomba.

"Lilikuwa hapa," akasema, akinyoosha kidole kwenye kioo cha ukutani, mahali patupu kati ya mto na ukuta. "Au hapa. Mamo anajua. Mtamsikia. Atamtukana Tafesse mpaka mtaona aibu. Na Tafesse alilia kuliko wote msibani, hebu fikirieni. Mtandao bado?"

"Bado, emama," Kidane akasema.

"Umerudi," Fasika akasema.

Alisimama. Akaja akapiga magoti kwenye yale majani mbele ya kile kiti, na sisi tukawa tunatazama vikombe vyetu.

"Emama, mtandao haukukatika. Mimi nimefuta. Kulikuwa na vitu vya Kidane, picha zenu, na sauti ya Gashe Mamo. Sikujua kama ni vyenu. Nimefuta vyote. Nimejaribu kuvirudisha, havirudi."

Emama Wubit aliinama kumwona vizuri. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha."

"Ulikuwa unasafisha."

"Ndiyo, emama. Kwa ajili ya Mwaka Mpya."

"Na sisi walituambia hivyo hivyo," Emama Wubit akasema. "Walikuja vijana, wana adabu, wanatuita mama. Wakasema wanasafisha."

Hakuwa amekasirika. Ningependa niandike kwamba alikasirika, ingekuwa nafuu kwetu. Aliweka kikombe chini, akamshika Fasika kichwani kama unavyomshika mtoto mwenye homa, halafu akamwomba Kidane amshushe, maana magoti yakipoa hayatembei. Mlangoni akageuka.

"Ule mkate mle," akasema. "Ukilala unakuwa mgumu."

Tuliula. Sijui kama nimewahi kula mkate kwa taabu namna ile. Fasika hakula. Alikaa mbele ya ukurasa wake uliokuwa safi, kijani juu mpaka chini, hakuna jekundu, hakuna kijivu, mzuri wa kupigwa picha.

Kidane aliporudi alienda moja kwa moja kwenye meza ya Fasika. Nilidhani sasa matusi yanatoka. Akasema tu, "Nilikuwa nimeshainua kidole."

"Nilikiona."

"Simu haikuwa na kosa. Ningeweza kusema."

"Ungesema, ningekucheka," Fasika akasema.

"Ungenicheka," Kidane akakubali. "Basi ungenicheka."

Siku ya Mwaka Mpya watu wa Shekla Sefer walikutana kama walivyopanga, kwenye ukumbi wa chini wa ghorofa moja huko pembezoni. Fasika alikwenda na maua ya manjano ya sikukuu kifuani kama bibi harusi aliyekosea nyumba, akasimama mbele ya wale wazee na kueleza mwenyewe, maana Kidane sauti yake isingefika safu ya pili. Mimi nilibeba projekta. Hawakumfukuza. Walimkalisha, wakamlisha kwa mkono mpaka machozi yakamtoka, wakafikiri ni pilipili. Baadhi yao walizitafuta picha wakazituma upya hapo hapo. Wengine simu zao ziliibwa, au zilianguka kwenye maji, au picha alikuwa nazo marehemu. Ramani ikapata nyumba kadhaa, zimekaa mbalimbali kama meno ya Gashe Tafesse.

Halafu wakafika kwenye bomba. Gashe Tafesse, mwenye ng'ombe, akasema bomba lilikuwa upande wa mto. Wanawake wawili wakasema, unaota, lilikuwa ukutani kwa kanisa. Upande huu wakapaza sauti, upande ule wakapaza zaidi, mtu akaapa kwa malaika. Zamani sauti ya Gashe Mamo ndiyo ingemaliza ubishi, maana alikuwa ameanza kwa kutaja mahali hasa kabla hajaanza kufoka. Kidane alijaribu kukumbuka. Alikuwa ameisikiliza mara nyingi mno, lakini alichokuwa akikisikiliza ni kile kicheko. Hata mimi nilijaribu. Nilikumbuka ndoo.

Wote wakamgeukia Emama Wubit.

"Bomba lilikuwa moja," akasema, akajitanda shali yake.

Kidane aliweka mabomba mawili, moja mtoni, moja ukutani. Yapo mpaka leo. Ramani sasa ina kontena lake, lina jina lake refu kabisa, na ghala lake lina jina pia, na nakala zake huchukuliwa kila siku kabla ya za duka la dawa.

Pagume iliyopita tulitandaza majani kama kawaida. Ubani, king'ora, mlinzi asiyepanda. Fasika alisoma majina, nikataniwa nikatania, ingawa siku hizi hucheka akishamaliza kusoma yote, si katikati. Tona ikapita. Baraka ikamiminwa. Akashuka mpaka chini ya ukurasa, akakuta ghala moja la namba tupu, la kijivu.

"Hili la nani?"

Akatuangalia mmoja mmoja, akamalizia kwa Kidane.

"Si langu," Kidane akasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Fasika. Langu lina jina. Futa tu."

Aliangalia kile kitufe. Kahawa yake ilikuwa inapoa na hakuigusa. Juu ya ukurasa kulikuwa na onyo jekundu la diski, limekuwepo tangu mvua zianze, linasema nafasi inakaribia kwisha, na mwenye kampuni ameshauliza mara kadhaa kuna nini mle ndani.

"Huenda mwenyewe yuko kwenye ngazi," Fasika akasema, akafunga ukurasa.